Chungu Kilichomtangulia Mwalimu

Msafiri atokaye Mombasa kwa njia ya reli ya zamani, akisha kuipita Sultan Hamud na kuliacha nyuma joto la nchi ya chini, huingia katika nyika pana ya majani mafupi iitwayo Kapiti, na hapo, juu ya ardhi iliyoinuka zaidi ya futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, hukikuta kituo cha Konza. Reli ile ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Na mwaka wa 1915, wakati mataifa makuu ya Ulaya yalipokuwa yakichinjana, Konza ikapata tawi lake la kuteremka mpaka Ziwa Magadi, na shehena kubwa ya tawi hilo, tangu siku zile, ni magadi yachimbwayo ziwani na kupelekwa bandarini ili yakatengenezewe kioo na sabuni katika nchi za mbali. Lakini si magadi yote yavukayo bahari. Kiasi fulani huuzwa sokoni kwa mafungu madogo, na mama wa Kikamba, anapoinjika chungu cha mahindi makavu na maharagwe, hutia kijipande chake ili nafaka zilainike upesi.

Nimetanguliza habari ya magadi kwa kuwa ndani ya kijipande kile umo mgogoro wote nitakaousimulia. Mwalimu wa somo la afya humfundisha mtoto kwamba magadi huiharibu vitamini ya maharagwe, hususan ile iitwayo B1, na asemayo ni kweli tupu. Mtoto hurudi nyumbani na elimu hiyo, akamweleza mama yake, na mama humsikiliza kwa utulivu, kisha akatia magadi kama alivyotia jana. Hafanyi hivyo kwa ujinga. Yeye ndiye aliyezikata kuni, au aliyezinunua, katika nyika ambayo mti ni nadra kuliko twiga, naye anajua kwamba chungu kisicho magadi humla mzigo wa pili wa kuni kabla ya kuiva. Amepima vitamini kwa kuni, na kuni zikashinda. Dawa ipo, nayo ni kuziloweka nafaka usiku kucha, lakini dawa hiyo hutaka maji, na maji nayo ana hesabu yake mwanamke yule.

Kabla ya shule kulikuwa na chungu, na chungu hicho kilikuwa na busara ambayo wataalamu walikuja kuieleza baadaye kwa istilahi zao. Mapishi makuu ya Ukambani ni isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula ambacho Wakikuyu hukiita githeri. Na ndugu yake ni muthokoi, ambao mahindi yake hutwangwa kwanza kinuni mpaka yakavuliwa maganda, ndipo yakapikwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Mahindi si mwenyeji wa siku nyingi huko; yaliingia na kutamalaki katika karne ya 20, yakausogeza pembeni mtama, uwele na wimbi, nafaka zilizozoea kiu; na mbegu ya mahindi iitwayo Katumani, iliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos, iliyatia nguvu zaidi kwa sababu huiva upesi kabla mvua haijakatika. Walakini mwenzi wa nafaka hakubadilika. Kunde, mbaazi, maharagwe, na choroko ambazo Wakamba huziita ndengu, zimedumu katika chungu kwa vizazi, na sababu ya hekima hiyo ni kwamba protini ya mahindi ina upungufu ambao jamii ya kunde huujaza, na ya kunde ina upungufu ambao mahindi huujaza, hata viwili hivyo vikiliwa pamoja humjenga mtoto kwa namna ambayo kila kimoja peke yake hakiwezi. Bibi aliyemtia mjukuu wake mchi mkononi hakuwa na jina la protini. Alikuwa na chungu, majani ya kunde yaliyokaushwa kwa ajili ya kiangazi, maziwa ndani ya kibuyu pale ng'ombe walipokuwa na malisho, na asali pale nyuki walipokuwa na maua.

Nasema pale ng'ombe walipokuwa na malisho, maana sitaki msomaji adhani kwamba zamani ilikuwa pepo. Mvua za Ukambani ni mbili kwa mwaka, za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Disemba, na hizi za pili ndizo zitegemewazo zaidi, lakini mara nyingi moja kati ya mbili hukhini, na zikikhini zote mbili kwa kufuatana, huja njaa. Wakamba huzipa njaa zao majina kama watu wengine wawapavyo watoto wao, na mzee aliyezihifadhi huweza kuhesabu miaka kwa majina hayo. Kubwa iliyo katika kumbukumbu ni Ngomanisye ya 1898 na 1899, na maana ya jina ni ile iliyoenea kila mahali. Ilikuja baada ya sotoka kuwamaliza ng'ombe, ikafuatana na ndui, na iliwafisha watu wasiohesabika katika miaka ileile ambayo reli ilikuwa ikipita kando yao ikibeba mchele wa kuwalisha vibarua waliotoka Bara Hindi. Nyingine, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nakufa hali nimeshika, na kilichoshikwa ni fedha. Kwa kuwa fedha ilikuwapo mfukoni na unga haukuwapo dukani. Sijui kitabu cha shule kilichowahi kuieleza biashara ya chakula kwa maneno machache kuliko hayo mawili.

Shule ilikuja na wamisionari. Africa Inland Mission iliingia Ukambani mwaka wa 1895, na serikali ya kikoloni ikafungua shule yake Machakos mwaka wa 1915, mwaka uleule wa reli ya Magadi. Katika shule hizo za awali somo la kula halikuwa na jina lake mbali. Lilifichwa ndani ya somo la usafi, na usafi ulikuwa ni kunawa mikono, kuchimba choo, kukata kucha na kufunika chakula dhidi ya nzi. Mwaka wa 1924 ilizuru Afrika ya Mashariki tume ya wakfu wa Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, mwalimu mashuhuri mzaliwa wa Gold Coast. Tume ikatoa rai kwamba mtoto wa Kiafrika afundishwe mambo ya shamba, afya na nyumba yake mwenyewe. Matunda ya rai hiyo yalionekana Kabete mwaka wa 1925, ilipofunguliwa Jeanes School, ambamo waalimu wa vijijini walikwenda kujifunza pamoja na wake zao, mume akisoma njia za kuziongoza shule za jirani, na mke akisoma ulezi wa watoto, upishi na utunzaji wa nyumba. Kumchukua mke wa mwalimu kuwa mwalimu ni jambo lililokuwa na akili ndani yake, ijapokuwa aliyefundishwa kupika mara nyingi alikuwa akifundishwa kupika vya watu wengine.

Kisha ikaja sayansi na mizani yake. Mwaka wa 1931 tabibu John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya matibabu ya Kenya, na mwanazuoni wa lishe John Boyd Orr, walichapisha uchunguzi waliowalinganisha ndani yake Wakikuyu, ambao aghalabu walikula nafaka na viazi, na Wamasai, ambao walikula maziwa, nyama na damu. Wakaona kwamba Mmasai mume alimzidi mwenziwe kwa wastani wa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito. Boyd Orr alikuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 1949 akatunukiwa nishani ya amani ya Nobel. Tangu hapo maziwa na nyama vilikaa mahali pa heshima katika kila ukuta wa darasa. Wakamba, ambao ni wakulima na wafugaji kwa pamoja na ni majirani wa makabila hayo mawili, hawakuwamo katika mizani ile, lakini jibu lake liliwafikia.

Na lilipowafikia likakutana na amri iliyo kinyume. Nyika za Kapiti na Konza, zilizokuwa malisho ya miaka ya shida, zilikwisha kugawiwa walowezi wa Kizungu kuwa mashamba ya mifugo na ya kuwindia. Huko ndiko Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliteremka garimoshini mwaka wa 1909 na kuanza kuwapiga wanyama risasi. Wakamba wakabanwa vilimani, udongo ukamomonyoka, na serikali, badala ya kuirudisha nyika, ikaona ng'ombe ndio wenye makosa. Mwaka wa 1938 ikaanza kuwapunguza kwa nguvu, ikiwanadi kwa bei hafifu, na kwa wakati huo kampuni ya Liebig ilikuwa imefungua kiwanda chake cha nyama ya makopo Athi River, mwendo wa vituo vichache tu kutoka Konza kuelekea Nairobi. Hapo ndipo Muindi Mbingu alipoongoza halaiki kubwa ya watu, waume kwa wake na watoto wao, wakaenda kwa miguu mpaka Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakimtaka Gavana awasikilize. Muindi alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini serikali ililegeza kamba na unadishaji wa nguvu ukakoma. Vitabu vya tarehe huliweka tukio hili katika mlango wa siasa, na ni haki yake. Ila mimi naliona pia kuwa ni somo la lishe, tena kubwa kuliko yote yaliyofundishwa Machakos kabla yake, maana mtoto aliyeketi kambini Nairobi alijua, pasipo kuchorewa ubaoni, kwamba anayemchukua ng'ombe anachukua kibuyu cha maziwa.

Uhuru ulipokaribia, mnamo 1962, vilianzishwa vyama vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, kwa mfano wa vyama vya vijana wa mashamba vya Marekani, na shule nyingi zikapata bustani ya mboga, banda la sungura au kuku. Zama hizo ndizo zilizoimarisha pia ile hesabu ya makundi matatu ambayo kila aliyesoma shule ya msingi huweza kuitamka akiwa usingizini: vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, na vya kulinda mwili. Ni mpango mwepesi, na siubezi. Mtoto wa darasa la nne hahitaji zaidi. Lakini picha zilizouandama, gilasi ya maziwa, yai, samaki, chungwa na mkate uliokatwa, zilikuwa na taathira isiyokusudiwa: mtoto wa Konza alizitazama akaelewa kwamba chakula bora ni chakula cha watu wengine. Kunde hazikuchorwa, wala uwele, wala muthokoi. Na kisichochorwa darasani huanza kuonewa haya nyumbani.

Maziwa yalipotoka katika picha yakashikwa mkononi, ilikuwa mwaka wa 1979. Rais Daniel arap Moi, aliyeshika nchi mwaka mmoja kabla, alifuta malipo yaliyokuwa yamesalia katika shule za msingi na kuamuru watoto wote wapewe maziwa bure. Watu wakayaita maziwa ya Nyayo. Yalikuja kwa malori, yakiwa katika pakiti za karatasi ngumu zenye umbo la piramidi, na yeyote aliyekuwa mtoto zama hizo, hata akiwa leo ni babu, ukimtajia pakiti ile utauona uso wake ukifunguka. Hesabu ya wanafunzi wa shule za msingi nchini iliruka kutoka karibu milioni 3 mwaka wa 1978 hadi kama milioni 3.7 mwaka uliofuata. Kufutwa kwa malipo kulikuwa na fungu lake katika ongezeko hilo, nami siwezi kuyatenga mawili hayo, lakini wazee husema waziwazi ni lipi lililowaamsha asubuhi. Maziwa yale yalikuwa na aibu zake. Shule iliyo kando ya barabara ilipata mara kwa mara, na iliyo nyuma ya vilima ilipata lori lilipojaliwa kufika. Pakiti nyingine zilibebwa nyumbani kwa ndugu mdogo asiyesoma bado, jambo ambalo waalimu walilikataza na ambalo mimi sioni dhambi yake. Na kadiri miaka ya 1990 ilivyosonga, hazina ya serikali ikikauka na kiwanda cha maziwa kilichoyatoa kikiyumba kwa madeni, yakaanza kuadimika, hata yakakoma bila tangazo. Yaliyobaki ni ladha. Ni nani anayekumbuka somo la sayansi la muhula wa pili wa mwaka wa 1983? Lakini pakiti inakumbukwa pembe zake zote.

Katika zamani hizohizo, mwaka wa 1980, serikali na Shirika la Chakula Duniani walianza kupika chakula cha mchana katika shule za wilaya kame na nusu kame. Mwaka wa 2009 serikali ilianza kuchukua sehemu ya mzigo huo kwa fedha zake yenyewe, kwa kusudi kwamba nafaka inunuliwe kwa wakulima wa nchi badala ya kuletwa kwa meli, na mwaka wa 2018 shirika lile likaukabidhi mzigo wote. Kipimo cha mtoto mmoja kwa siku, kama kilivyopangwa na wajuzi baada ya kuhesabu nguvu, protini na gharama, kilikuwa ni gramu 150 za nafaka, gramu 40 za jamii ya kunde, gramu 5 za mafuta, na chumvi kidogo. Msomaji na akisome kipimo hicho mara ya pili. Ondoa mafuta, na kilichobaki ni isyo. Mizani ya Gilks na Boyd Orr, tume ya wakfu, picha za gilasi na yai, pakiti za piramidi, safari ya miaka hamsini na zaidi katika ofisi za Nairobi, London na Roma, vyote vilizunguka vikarudi kwenye chungu cha bibi aliyeshika mchi, na tofauti ni kwamba sasa chungu kimekuwa sufuria kubwa juu ya jiko la matofali, na watoto ndio wanaobeba kuni na madumu ya maji kutoka nyumbani.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema chungu kilijua kila kitu na ubao haukuwa na la kukiongezea. Mwaka wa 1981, katika wilaya ya Machakos, watu 20 walilazwa hospitali kwa ugonjwa wa ini, na 12 kati yao wakafa. Waganga walipochunguza waliona kwamba walikula mahindi yaliyoota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu ambayo sasa Kiswahili kinaiita sumukuvu. Mwaka wa 2004 balaa ilirudi kwa ukubwa zaidi, hasa Makueni na Kitui: walioripotiwa kuugua walikuwa 317, na waliokufa 125. Sumu hiyo haionekani kwa jicho, wala haimalizwi kwa kuchemsha, kwa hiyo mapokeo ya upishi hayakuwa na kinga ya kutosha dhidi yake. Mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu, kwa kuogopa wezi au mvua ya ghafla, yakarundikwa ndani ya nyumba walalamo watu, yalitosha kuiua familia iliyoketi kula kwa shukrani. Hapa mwalimu alikuwa na neno ambalo bibi hakuwa nalo: anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, yakauke mpaka unyevu usizidi asilimia 13 na nusu, yaweke juu ya mbao yasiguse sakafu, na yaliyogeuka rangi usimpe mtoto wala kuku. Mama asiyeyaacha magadi yake kwa ajili ya vitamini aliyaanika mahindi yake kwa ajili ya jirani aliyezikwa.

Ya mitaala nitayapita kwa haraka, maana imebadilika mara nyingi kuliko chakula chenyewe. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, uliingiza kilimo na sayansi kimu katika shule za msingi, watoto wakapika darasani pale penye sufuria na wakachora sufuria pale pasipo na sufuria. Mageuzi ya mwaka wa 2002 yaliyatoa masomo hayo yakaifanya lishe kuwa mlango mmoja wa sayansi. Mtaala wa umilisi, ulioenezwa kuanzia 2019, uliirudisha kwa jina la usafi na lishe katika madarasa ya chini. Na baadaye masomo yalipopunguzwa, ikaunganishwa tena na mengine, na sasa mtoto wa gredi ya nne husoma Kilimo na Lishe.

Siku hizi, karibu na kituo kile cha reli, juu ya ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, unajengwa mji wa kiteknolojia ambao Rais Mwai Kibaki aliuwekea msingi mwezi wa Januari 2013. Barabara zimetiwa lami, na pamoja na lami zimekuja bidhaa zake: soda za chupa, vibanzi vilivyokaangwa kwa mafuta ya juzi, vitafunio vya chumvi katika karatasi zing'aazo, ambavyo mtoto huvinunua kwa shilingi chache akiwa njiani kwenda kufundishwa makundi matatu ya vyakula. Njaa ya Konza ilikuwa na jina kila ilipokuja. Maradhi ya hizi shibe mpya bado hayajapewa jina la Kikamba.

Kama waalimu wakuu na kamati za shule za Konza na vitongoji vyake watanipa ruhusa ya kutoa rai moja, nitawaomba jambo dogo lisilogharimu senti. Katika ratiba ya masomo, somo la lishe lisiwekwe saa tano, wakati sufuria inatokota na watoto wanameza mate. Liwekwe saa nane, wakisha kula, na mwalimu aanze kwa kuuliza ni nini kilichokuwamo katika sahani.